Spea ya Chumbani

Maiti ya Gaster Kirunda ilikutwa imekaa kwenye kiti cha dereva, maji ya matope yamemfika kifuani na inzi wamekwisha kumjua. Wanawake waliokwenda kukata mafunjo bondeni, maili mbili kutoka Buwenge, ndio walioliona gari saa tatu asubuhi. Wakapiga yowe, watu wakajaa. Na kwa desturi ya mwaka ule wa 1976, polisi walipofika redio ya gari na vipangusio vya kioo vilikuwa vimeshapata wenyewe wengine.

Inspekta Semei Wamboga wa idara ya upelelezi, Jinja, aliingia bondeni akiwa amekunja suruali magotini. Alikuwa Mgisu wa Mbale, mrefu, mkavu, mwenye vidonda vya tumbo na subira ndogo. Mwaka ule maiti nyingi zilikuwa haziulizwi. Hii angalau ilikuwa na jina, na jina hilo watu walikuwa wakilitaja kwa sauti.

"Ajali, afande," alisema Konstebo Otiende, dereva wake. "Tazama mguu wa mbele, kushoto. Tairi limempasukia, gari likamshinda."

Kweli tairi lilikuwa limechanika ubavu mzima. Lilikuwa zee, upara mtupu, nyuzi nje.

"Soma saizi yake."

Otiende alifuta matope kwa kiganja. "Kumi na tano, afande."

"Na haya mengine matatu?"

"Kumi na nne. Mapya kabisa! Mungu wangu, mtu anayapata wapi matairi haya?"

Lilikuwa swali la haki. Tairi jipya mwaka ule lilikuwa adimu kuliko chumvi, na chumvi yenyewe watu walikuwa wakiilamba kwa harufu tu. Land Rover ya Otiende ilikuwa na matairi manne ya aina nne, na spea haikuwa nayo kabisa.

Wamboga aliinama juu ya marehemu. Paji la uso lilikuwa zima. Usukani haukuwa na damu. Alipopapasa kisogo, vidole vyake vilizama mahali ambapo palipaswa kuwa na mfupa.

"Gari limeanguka kwa mbele," alisema, "naye ameumia nyuma."

"Labda alirushwa, afande."

"Labda."

Walijaribu kufungua buti. Lilikuwa limebonyea, halikufunguka. Wakaliacha hivyo gari livutwe hadi kituoni Jinja.

Mtu mmoja alijitenga na kundi la watazamaji. Alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, shati safi lisilo na kifungo hata kimoja.

"Bwana Inspekta, mimi nilikuwa na yeye asubuhi hii."

"Wewe nani?"

"Ignatius Makokha. Jirani yake, Buwenge. Zamani nilikuwa dereva wa teksi."

"Na sasa?"

"Sasa nalima. Gari langu, Pijo 404, liko juu ya mawe. Tairi hakuna."

"Eleza."

Ignatius alieleza bila kukwama. Waliondoka saa kumi na mbili, wakielekea Mbale. Gaster alikwenda kutembelea ndugu. Yeye Ignatius alibeba tairi lake bovu kwenda kulizibisha kwa fundi Odhiambo, kule Malukhu. Hapa bondeni wakapata pancha.

"Gaster akatoa spea. Hii hapa, iliyopasuka. Nikamwambia, ndugu, hili ni la 404, na gari lako 504. Yote mawili ni ya nati tatu, kuingia linaingia, lakini si saizi yake. Akacheka."

"Alilipata wapi?"

"Kwa huyo huyo Odhiambo. Ile spea yake nzuri hulala chumbani, Buwenge yote inajua. Hili zee alinunua la kusafiria. Yule Mkenya alimpunja, afande. Amemuuzia kifo."

"Ukapanda tena?"

"Aa-a! Niliogopa. Nikashuka, nikarudi nyumbani na tairi langu, nalisukuma."

"Waliokuona?"

"Wengi."

Na kweli wengi walimwona. Lakini nani angegeuza shingo? Siku hizo kila barabara ilikuwa na mtu anasukuma tairi, anatoka kwa fundi au anakwenda kwa fundi.

"Na gurudumu lililopata pancha?"

"Alilitupa kiti cha nyuma." Ignatius alichonga mdomo kuelekea kwa watazamaji. "Waulize hawa."

Watazamaji wakaanza kukumbuka kazi walizoacha nyumbani.

*

Kesho yake, Jumatano, Wamboga alikwenda Mbale mwenyewe. Alimkuta Odhiambo chini ya kibanda chake cha mabati, Malukhu, anapigana na tairi la lori kwa vyuma viwili. Alikuwa Mjaluo wa Kisumu, mfupi, mikono minene, ameishi Mbale miaka kumi na moja. Mkewe Akoth alikaa kwenye kigoda akiosha mipira ya ndani ya matairi kwenye karai, tumbo lake limefika magotini.

"Unamjua Gaster Kirunda?"

"Namjua sana. Nimemfungia matairi mapya Jumamosi. Ameleta mwenyewe, sijui kayatoa wapi, nami sikuuliza."

"Na hili la 404 ulilomuuzia?"

Odhiambo aliweka vyuma chini. "Mimi? La kumi na tano kwenye gari la kumi na nne? Afande, hiyo ni kumvika mtu kiatu chake mguu mmoja na cha kaka yake mguu mwingine, halafu umwambie akimbie. Gari litavuta upande, breki zitavuta upande, na tairi litakula joto mpaka lipasuke. Siwezi. Hata kwa adui."

"Gaster amekufa."

Akoth aliacha kuosha.

Wamboga alimfunga pingu. Ushahidi ulikuwa neno la jirani aliyekuwa ndani ya gari, na mkubwa wake wa kazi alitaka jalada lifungwe. Jioni ile, kituoni Jinja, aliandika kwenye kitabu cha mahabusu kama alivyokuwa akiandika siku zote: jina, kazi, taifa. Mkono ulikwisha andika "Mkenya" kabla ya kichwa kufikiri. Mwaka ule kila Mkenya alikuwa akiitwa mpelelezi wa nchi yake, na kitabu kile kilikuwa kikisomwa kila asubuhi na mtu wa kambi ya jeshi. Neno moja! Wamboga alijua alichofanya simu ilipolia Alhamisi, saa mbili na nusu.

"Inspekta? Hapa Kapteni Adrabo. Iko Mukenya kwako."

"Ni mshukiwa wa kesi ya barabarani, afande. Fundi wa matairi."

"Mimi nakuja chukua yeye. Saa kumi."

"Afande, jalada bado—"

"Nimesema saa kumi. Wewe nataka sumbua mimi?"

"Hapana, afande."

Simu ikakatwa. Wamboga alibaki ameshika mkono wa simu. Waliochukuliwa na Adrabo walikuwa hawarudi. Wake zao walikuwa wakija kuuliza wiki moja, wiki mbili, kisha wanaacha.

Nje, kwenye baraza la kituo, Akoth alikuwa ameshakaa. Alikuja na basi la kwanza kutoka Mbale, chakula kimefungwa kwenye kitambaa.

*

"Odhiambo, amka."

"Niko macho, afande."

Wamboga alikaa chini, sakafuni, mgongo ukutani mwa mahabusu. "Nataka unieleze kila kitu ulichofanya kwenye gari lile Jumamosi. Kila nati. Saa kumi wanakuja kukuchukua watu wa kambini."

"Mke wangu anajua?"

"Bado."

"Usimwambie." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Basi. Matairi matano mapya. Manne miguuni, moja la spea. Mbele nikatia upepo pauni ishirini na sita, nyuma thelathini. Spea arobaini."

"Ngoja. Spea ipi? Ile ya chumbani?"

"Ya chumbani ndiyo. Alikuwa nayo tangu zamani, haijatumika; alikuja nayo ameifunika blanketi kama mtoto mgonjwa. Nikamwambia, bwana Gaster, spea ya chumbani itakufaa nini ukiwa njiani Tirinyi? Tukaifunga ndani ya buti, kwa mnyororo na kufuli. Mahali pake hasa ni chini ya buti, inaning'inia, lakini nani ataiacha nje mwaka huu? Juu yake akatandika magunia."

"Kwa nini arobaini?"

"Kwa sababu spea hulala, afande, na upepo hutoroka kidogo kidogo kila wiki. Ukiitia sawa na zilizo barabarani, siku ya shida utaikuta imelegea. Izidi. Siku ya kuifunga ndipo unapunguza. Mmeipima?"

Wamboga alikuwa ameshasimama.

Otiende alitia mtalimbo kwenye buti la 504 uani mwa kituo, akalalia kwa uzito wake wote. Bati likalia, likaachia. Magunia. Chini ya magunia, mnyororo, na ndani ya mnyororo, gurudumu jipya. Vinyweleo vya mpira, vile vya kiwandani, vilikuwa bado vimesimama juu yake. Halikuwa limegusa barabara hata hatua moja.

"Geji," alisema Wamboga.

Otiende alibonyeza. "Thelathini na tisa, afande."

"Mtu mwenye spea mpya, upepo thelathini na tisa, anapata pancha. Anaiacha, anafunga tairi zee la gari lingine?"

"Hata kichaa hafanyi hivyo."

"Basi hapakuwa na pancha. Na gurudumu la mbele lilitolewa likiwa zima."

Alirudi mbio mahabusu. "Odhiambo! Tairi lako ukilikuta kwa mtu mwingine utalijuaje?"

"Kila ninalofunga nalichoma namba ya gari, kwa chuma cha moto. Si upande wa nje, mwizi atakwangua. Nachoma upande wa tumboni, unaotazama gari."

*

Walifika Buwenge saa saba. Nyumba ya Ignatius Makokha ilikuwa imefungwa madirisha. Mbele yake lilikuwepo gari aina ya 404, la kijivu, limesimama kwa miguu yake minne. Mawe lililokuwa limekalia yalikuwa pembeni, na nyasi zilizokaa chini yake zilikuwa bado nyeupe.

Ignatius mwenyewe alikaa kizingitini, analitazama. Hakukimbia.

Wamboga alilala chali kwenye vumbi, akajivuta chini ya gari na tochi. Magurudumu matatu yalikuwa ya kumi na tano. La nne, mbele kushoto, lilikuwa la kumi na nne, jipya, na gari lilikuwa limeinama kidogo upande ule. Tumboni mwa tairi, herufi zilizochomwa zilisomeka vizuri: UVK 318.

Ndiyo namba ya gari la Gaster Kirunda.

"Tairi hili umelitoa wapi?" aliuliza akijipangusa.

"Nimeliokota."

"Wapi?"

"Njiani."

"Na spana ya nati?"

Ignatius alitazama nyumba. Otiende aliingia, akatoka na spana ndefu ya chuma, ameishika kwa leso. Ilikuwa imeoshwa. Lakini kwenye tundu lake la duara, ndani kabisa, palikuwa na nywele fupi mbili na kitu cheusi kilichokauka.

"Pandeni gari," alisema Wamboga. "Muda hatuna."

Saa tisa kasoro walikuwa kituoni. Kwenye baraza Akoth alikuwa amejinyoosha ukutani, miguu imemvimba. Alimwona Inspekta akasimama kwa shida.

"Afande, samahani. Mume wangu amekula?"

"Atakula."

Ignatius, pingu mikononi, alisimama ghafla. Otiende alimsukuma, hakwenda.

"Mama, wewe mke wa nani?"

"Wa Odhiambo. Fundi wa Malukhu."

"Mimba mwezi wa ngapi?"

"Wa tisa, shemeji. Unaisha huu."

Otiende alimvuta ndani, akamkalisha kwenye kiti, mbele ya meza ya Inspekta.

"Ulimpiga kwa spana," alisema Wamboga.

Ignatius alitazama pingu zake.

"Ukabadilisha gurudumu. Ukasukuma gari bondeni. Na ulisema spea nzuri iko chumbani."

"Iko chumbani."

"Ilikuwa ndani ya buti. Imefungwa mnyororo. Nimeigusa kwa mkono huu."

Ignatius aliinua uso. Kwa mara ya kwanza alionekana kushangaa. "Spea ya Gaster hailali kwenye buti. Niliiona kwa macho yangu. Imeegemea ukuta, karibu na kitanda."

"Lini?"

Ignatius aligeukia dirisha.

"Makokha, yule mwanamke uliyemwona nje. Saa kumi Kapteni Adrabo anakuja kumchukua mumewe. Kwa neno lako wewe. Unamjua Adrabo?"

"Kila mtu anamjua."

"Basi saa imebaki moja."

Ignatius alifunika uso kwa mikono iliyofungwa. Alilia. Wamboga alingoja. Aliwahi kuona wengi wakilia kwenye kiti kile, wengine kwa hila. Huyu hakuwa na hila iliyobaki.

"Andika, afande. Mimi nilimuua."

Wamboga alimpa onyo la kisheria, akachukua kalamu.

"Mwaka jana, mwezi wa sita. Mke wangu Margret alishikwa na uchungu asubuhi. Mtoto akakaa vibaya. Mkunga akasema, mpelekeni hospitali Jinja, upesi. Gari langu lilikuwa na petroli. Gaili limekaa..." Alijikwaa, akavuta pumzi. "Gari limekaa juu ya mawe kona moja, afande. Miguu mitatu mizima. Moja tu hakuna."

"Ukaenda kwa Gaster."

"Gari lake siku ile lilikuwa Kampala, kwa ndugu yake. Lakini spea ilikuwa nyumbani. Alinipeleka mpaka chumbani, akanionyesha. Ya kumi na nne, sawa, lakini nati tatu zinaingia, na Jinja si mbali. Nikapiga magoti. Akasema, 'Ignatius, spea haiazimwi. Spea ni ya siku ya shida.'"

Otiende, mlangoni, alitoa sauti ya ulimi.

"Nikamwambia, shida ni hii leo. Akasema, ni yako, si yangu. Tukamfunga Margret juu ya baiskeli. Watu wawili wanashika, mimi nasukuma. Alikufa kabla hatujafika Bugembe. Mtoto naye."

"Na Jumanne?"

"Nilitaka tu lifti, naapa. Nilibeba tairi langu bovu. Nilipotaka kuliweka kwenye buti akasema, buti usiguse, weka kiti cha nyuma. Tukafika bondeni. Nikamuuliza, Gaster, ile spea, ulipata kuitumia? Nilitaka aseme ndiyo. Nilitaka angalau iwe imemfaa mtu."

"Akasema nini?"

"Alicheka. 'Haijagusa barabara hata leo.' Nikamwomba asimame, nikojoe. Alisimama, akageukia dirishani kuwasha sigara. Spana ilikuwa chini ya miguu yangu. Mara moja tu, afande. Barabara haikuwa na gari. Nani ana petroli asubuhi ile?"

"Tairi lako lilikuwa limekwisha pasuka. Ukalifunga kwake ili ionekane ajali."

"Ndiyo."

"Ungeweza kulitupa lile zuri majini. Nisingelipata kamwe."

Ignatius alimtazama kama aliyeambiwa jambo la ajabu. "Tairi jipya? Kulitupa?"

Wamboga alielewa, na hilo ndilo lililomuumiza. Hapakuwa na mtu hata mmoja, kuanzia Jinja mpaka Mbale, ambaye angeweza kulitupa.

"Nilifika nyumbani nikalifunga," Ignatius alisema. "Nikaondoa mawe. Nilitaka kuliona limesimama. Kwenda sina pa kwenda."

Aliweka sahihi saa tisa na nusu. Wamboga alisoma ungamo mara moja, akalikunja, akamwita Otiende pembeni.

"Fungua magurudumu yote mapya ya lile 504. La 404 umelileta?"

"Liko ndani ya Land Rover."

"Na spea. Yote matano, yapange ukutani mbele ya kituo. Usiyaandike kwenye kitabu cha vielelezo."

"Afande! Si ndiyo kesi yenyewe?"

"Kesi ninayo kwenye karatasi, na spana ninayo. Fanya nilivyosema."

Saa kumi kamili Kapteni Adrabo aliingia na Pijo 504 jeupe, lori la askari likimfuata. Akoth aliwaona askari wanashuka, akajua, akaanza kulia taratibu, mkono mdomoni.

"Mutu yangu iko wapi?"

"Afande, muuaji amepatikana. Si yule Mkenya. Ungamo hili hapa."

Kapteni hakulishika. "Mimi sikuja kwa muuaji. Nimekuja kwa Mukenya."

"Afande, Mkenya huyu ni fundi tu wa matairi." Wamboga alisikia sauti yake mwenyewe ikilainika, akaichukia. "Ndiye aliyefunga haya hapa. Mapya. Hayajaingia kwenye kitabu chochote."

Kapteni aligeuka. Alitazama ukutani, akahesabu kwa kidole.

"Saizi gani?"

"Kumi na nne, afande. Ya 504. Kama gari lako."

Kapteni alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya vinyweleo vya spea. Matairi ya gari lake yalikuwa yamebaki kama karatasi. Akaibonyeza kwa kidole gumba.

"Upepo iko?"

"Hii arobaini, afande. Punguza ukiifunga."

"Pakia," Kapteni aliwaambia askari wake. Akamgeukia Wamboga, akampiga begani. "Huyo Mukenya, mimi sijamuona. Kesho nikimuona, nimemuona."

Wamboga alimpitisha Akoth nyuma ya kituo, akamtoa Odhiambo kwa mlango wa jikoni. "Nendeni Busia sasa hivi, mvuke mpaka. Malukhu usipite, hata kuchukua chuma kimoja."

"Miaka kumi na moja, afande," alisema Odhiambo.

"Najua. Nenda."

Odhiambo alimshika Akoth kiwiko, wakaondoka polepole, kwa mwendo wa mtu mwenye tumbo la miezi tisa.

Dirisha la mahabusu lilitazama mbele ya kituo. Ignatius Makokha alikuwa ameshika nondo, anaangalia askari wakisukuma matairi mapya kuelekea kwenye lori, moja baada ya jingine, wakicheka. Wamboga alipopita alimwita.

"Afande. Ni mangapi yale?"

"Matano."

"Matano," alirudia Ignatius. "Sisi tuliomba moja tu, afande. Kwa siku moja. Jioni tungelirudisha."